Urefu wa Njia ya Wanawake

Katika mashindano yote ya baisikeli hapana yaliyo na insafu kama mbio za saa. Katika mbio za kundi mtu aweza kujificha nyuma ya mgongo wa mwenziwe, upepo ukampiga yule wa mbele naye akahifadhi nguvu zake, kisha akachomoka karibu na mwisho akatwaa ushindi. Huo ni werevu, wala siulaumu. Lakini katika mbio za saa werevu huo hauna mahali. Wapandaji huondoka mmoja mmoja kwa zamu, kila mtu na muda wake. Mwenye kumfikia aliyemtangulia hana ruhusa ya kumfuata gurudumuni. Na mwamuzi ni saa, ambayo haina ndugu, haina taifa, wala haijui kama apitaye mbele yake ni mwanamume au mwanamke. Kwa ajili hiyo Waingereza huziita mbio za ukweli.

Ni jambo la ajabu basi kwamba mbio hizi za ukweli, tangu zilipoingizwa katika mashindano ya dunia ya barabarani mwaka 1994, zimejengwa juu ya uongo mmoja. Uongo wenyewe haukuandikwa katika bendera wala kutangazwa kwa tarumbeta. Umeandikwa katika barabara. Mwaka baada ya mwaka, isipokuwa michache nitakayoitaja, wanaume wamepimiwa njia ndefu na wanawake wamepimiwa njia fupi. Na mwenye kuuliza sababu hutazamwa kama mtu aulizaye kwa nini jua huchomoza mashariki. Insha hii yakusudia kuonyesha kwamba tofauti hiyo haina msingi katika mwili, wala katika hesabu, wala katika desturi, na kwamba yafaa iondolewe.

Pengine msomaji atauliza jarida la insha lina shughuli gani na magurudumu. Nami namjibu kwa mfano wa kazi yetu wenyewe. Tuchukulie kwamba tumewaalika washairi kushindana. Wanaume tumewaambia watunge beti thelathini, na wanawake tumewaambia watunge beti kumi na mbili, wala hatukuwapa ruhusa ya kuzidisha. Mashindano yakiisha twasimama mbele ya watu na kusema kwamba wanawake hawana pumzi ya utungo mrefu, na ushahidi wetu ni kwamba hakuna hata mmoja wao aliyevuka ubeti wa kumi na mbili. Nani atakayekubali hukumu hiyo? Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate alitunga utendi wa beti zaidi ya mia, naye yu mgonjwa. Wala hatukupata kusikia kwamba mtu alimwendea kumwambia apunguze. Lakini hukumu ambayo tungeikataa katika ushairi ndiyo iliyokubaliwa barabarani kwa muda wa zaidi ya miaka thelathini.

Na tutazame hesabu, maana katika jambo hili hesabu ndizo zisemazo. Mwaka 2013 mashindano ya dunia yalifanyika Florence, Italia. Wanaume walipewa kilomita 57.9, wanawake walipewa kilomita 22.05. Tony Martin wa Ujerumani alikuwa njiani kwa zaidi ya saa moja na dakika tano. Ellen van Dijk wa Uholanzi, mshindi wa wanawake, alimaliza kazi yake kabla dakika 28 hazijatimia. Wote wawili walivikwa fulana ya rangi za upinde wa mvua, na wote wawili waliitwa mabingwa wa dunia wa mchezo mmoja. Kumbe mmoja alikimbia mara mbili na nusu zaidi ya mwenziwe. Mwaka 2018 huko Innsbruck, Austria, wanaume walikwenda kilomita 52.5, wanawake 27.8. Mwaka 2019 huko Harrogate, Uingereza, wanaume 54, wanawake 30.3. Mwaka 2024 huko Zurich, Uswisi, wanaume 46.1, wanawake 29.9.

Wakati mwingine tofauti haikuwa ya urefu peke yake. Mwaka 2017 mashindano yalikuwa Bergen, Norwei. Njia ya wanaume ilimalizikia juu ya mlima Fløyen, na mlima ule ndio uliozungumzwa na kila mtu kabla ya siku ile na baada yake. Wanawake walipewa kilomita 21.1 wasiuguse mlima. Mshindi wao alikuwa Annemiek van Vleuten wa Uholanzi. Mwezi Julai wa mwaka uleule mwanamke huyu alikuwa ameshinda juu ya Col d'Izoard, katika milima ya Alpi ya Ufaransa, mahali palipo zaidi ya mita 2,300 juu ya bahari. Aliyeshinda juu ya Izoard aliokolewa na nini alipozuiwa asipande Fløyen?

Wako watakaosema kwamba hii ni desturi ya zamani, na desturi haivunjwi kwa siku moja. Jibu langu ni kwamba katika mbio hizi hapakuwa na desturi ya kurithi. Ni kweli kwamba katika mbio za kundi wanawake walichelewa kufunguliwa mlango. Wanaume walikuwa na bingwa wa dunia wa ridhaa tangu mwaka 1921, na bingwa wa malipo tangu mwaka 1927. Wanawake walingoja mpaka mwaka 1958, walipokutana Reims, Ufaransa, na Elsy Jacobs wa Luxembourg akawa wa kwanza kuvikwa fulana ile. Katika michezo ya Olimpiki walingoja zaidi, mpaka Los Angeles mwaka 1984. Lakini mbio za saa za mtu mmoja mmoja ziliingizwa katika mashindano ya dunia kwa wanaume na wanawake wakati mmoja, mwaka 1994, kisiwani Sicily. Mabingwa wa kwanza walikuwa Chris Boardman wa Uingereza na Karen Kurreck wa Marekani. Ukurasa ulikuwa mweupe. Wenye kalamu wangeweza kuandika namba moja tu. Waliandika mbili: kilomita 42 kwa wanaume na 30 kwa wanawake. Basi tofauti hii haikuachwa na mababu. Ilitungwa na watu walioketi mezani, nasi twawafahamu kizazi chao. Jambo lililotungwa mezani laweza kufutwa mezani.

Tena wale walioketi mezani mwaka 1994 hawakuwa na udhuru wa kutojua. Ushahidi ulikuwa umewekwa mbele yao miaka 27 kabla. Mwezi Septemba 1967, katika jimbo la Yorkshire, Uingereza, Beryl Burton aliondoka nyuma ya wanaume katika mbio za saa kumi na mbili. Mbio hizo humpima mtu kwa umbali atakaoufikia katika saa hizo. Mbele yake alikuwako Mike McNamara, ambaye siku hiyo alikuwa akielekea kuvunja rekodi ya wanaume ya Uingereza. Na aliivunja, kwa maili 276 na nusu. Lakini kabla ya saa kumi na mbili kutimia Burton alimfikia, akampa peremende moja kutoka mfukoni mwake, akampita. Alimaliza kwa maili 277 na robo, yaani karibu kilomita 446. Wanaume hawakulifikia jambo hilo mpaka mwaka 1969, na katika wanawake rekodi ile ilidumu hadi mwaka 2017, nusu karne kamili.

Nakumbusha habari hii, ambayo wapenda baisikeli wanaijua, kwa sababu ya jambo moja. Burton alikuwa malkia wa mbio za saa; kwa miaka 25 mfululizo, tangu 1959 hadi 1983, alikuwa bora wa wanawake wa Uingereza katika mashindano ya jumla ya mbio hizo. Aliutwaa ubingwa wa dunia wa barabarani katika mbio za kundi mwaka 1960 na tena 1967, na ubingwa wa kukimbizana uwanjani mara tano. Ubingwa wa dunia wa mbio za saa hakuupata kamwe, kwa sababu haukuwapo. Ulipoanzishwa alikuwa na umri wa miaka 57, na miaka miwili baadaye alikufa. Na ulipoanzishwa, wanawake walipewa kilomita thelathini, kana kwamba mama yule hakupata kuzaliwa.

Sasa nazikabili hoja za upande wa pili, moja baada ya moja, maana si haki kumpinga mtu bila kumsikia.

Hoja ya kwanza ni ya mwili. Wasema kwamba mwanamke ana misuli michache kuliko mwanamume, moyo wake ni mdogo zaidi, na kwa hiyo huenda polepole zaidi. Haya sikatai. Lakini kwenda polepole si kushindwa kufika. Mwaka 1958 Elsy Jacobs alizunguka uwanja wa Milano kwa saa moja akafika kilomita 41.347, na rekodi yake haikuvunjwa mpaka mwaka 1972. Mwaka 2023 Vittoria Bussi wa Italia alikuwa mwanamke wa kwanza kuvuka kilomita 50 katika saa moja, huko Aguascalientes, Mexico, alifika 50.267. Katika rekodi hiyo hapakuwa na mtu aliyefikiri kwamba saa ya mwanamke iwe na dakika arobaini. Dakika ni sitini kwa wote, umbali ndio hutofautiana, na ulimwengu haujaanguka. Aidha, katika mbio za kundi za Kigali mwaka 2025 wanawake walipewa kilomita 164.6 za kupanda na kushuka, na Magdeleine Vallieres wa Kanada aliyeshinda alikuwa juu ya tandiko kwa zaidi ya saa nne. Mtu aaminiwaye kwa kilomita 164 za milima aogopewa nini kwa kilomita 40?

Na sisi wa nchi hizi tuna sababu zaidi ya kuicheka hoja ya udhaifu. Kwetu mwanamke hubeba maji, kuni na mtoto kwa mkupuo mmoja, tena kwa miguu, huku baisikeli ya nyumba ikiwa imekwenda na baba mjini. Sijapata kuona mahali ambapo kisima kilisogezwa karibu kwa sababu mchotaji ni mwanamke. Njia hufupishwa kwa ajili ya wanawake pale tu mwishoni mwake panapokuwa na medali.

Hoja ya pili ina akili zaidi, nayo yastahili jibu la hesabu. Yasema kwamba kilicho sawa si umbali bali muda: kwa kuwa mwanamke huenda polepole kidogo, yafaa njia yake ipunguzwe ili wote wafanye kazi ya muda mmoja. Haya, tukubali kwa dakika chache, tukapime. Mwaka 2022 huko Wollongong, Australia, wanaume na wanawake walikwenda njia ileile ya kilomita 34.2, siku ileile. Tobias Foss wa Norwei alishinda kwa dakika 40 na sekunde 2. Ellen van Dijk alishinda kwa dakika 44 na sekunde 28. Maana yake ni kwamba mwendo wa bingwa mwanamke ulikuwa sehemu tisa katika kumi za mwendo wa bingwa mwanamume. Basi kwa kanuni ya muda sawa, njia ya wanawake ingekuwa sehemu tisa katika kumi za njia ya wanaume. Huko Florence wangepewa kilomita 52, walipewa 22. Huko Harrogate wangepewa 48 na zaidi, walipewa 30. Huko Zurich wangepewa 41; walipewa pungufu ya 30. Huko Kigali wangepewa 36 na nusu; walipewa 31.2. Kwa hiyo wenye hoja hii hawakuifuata hata wao wenyewe. Wakitaka kuishika, nawaomba waishike kweli, nasi tutakuwa tumekwisha kupata zaidi ya tulicho nacho.

Lakini mimi siikubali hata ikishikwa kweli. Katika mbio za miguu, wanawake na wanaume hukimbia marathoni moja, kilomita 42 na mita 195, na mwanamke hufika baadaye. Hapana aliyelia kwamba amefanya kazi ndefu kupita haki. Tena umbali una faida moja ambayo muda hauna: hukumbukwa. Watu wawili waliopita njia moja waweza kulinganishwa na wajukuu wao. Njia za namna mbili hufanya historia mbili, na moja katika hizo mbili siku zote huwa tanbihi ya nyenzake.

Hoja ya tatu ni ya wenye televisheni na ratiba. Wasema kwamba siku ina saa chache, watazamaji wana subira kidogo, na kurefusha njia ya wanawake ni kurefusha siku. Hoja hii husemwa kwa sauti nzito ya watu wa kazi, lakini inakosa jambo ambalo kila mtoto aliyetazama mbio za saa analijua. Wapandaji huondoka kwa zamu. Wakiwa hamsini, njia ikirefushwa kwa dakika kumi na tatu, siku hairefuki kwa dakika kumi na tatu mara hamsini. Hurefuka kwa dakika kumi na tatu za mpandaji wa mwisho, basi. Huko Kigali tofauti baina ya njia ya wanaume na ya wanawake ilikuwa kilomita 9.4. Kwa mwendo wa mshindi wa wanawake, hizo ni dakika kumi na tatu. Hicho ndicho kiasi cha muda ambacho dunia ilishindwa kukitafuta katika siku nzima.

Hoja ya nne ndiyo inisumbuayo, kwa sababu hutoka kwa watu wema, na wengine ni wa kwetu. Wasema: tazameni binti wa nchi maskini, amekuja na baisikeli ya kawaida, hana baisikeli maalumu ya mbio za saa, hana gurudumu la nyuma lililozibwa, hana kofia iliyochongwa kwa ajili ya upepo. Katika njia fupi huachwa kwa dakika chache. Katika njia ndefu ataachwa kwa dakika nyingi zaidi. Je, mnataka aaibike zaidi?

Najibu kwanza kwamba kaka yake, aliyetoka nchi ileile na umaskini uleule, hupewa njia ndefu na hapana amhurumiaye kwa kumkatia barabara. Huruma hii imewaangukia wasichana peke yao, na huruma ichaguayo jinsia yastahili kutiliwa shaka. Pili, njia fupi haimfichi. Aliyeachwa kwa dakika kumi na aliyeachwa kwa dakika kumi na tatu wote wameachwa, nao wanajua sababu. Sababu ni bei ya baisikeli, uhaba wa walimu, uchache wa mashindano nyumbani, na barabara ambayo msichana hapiti asubuhi kwa mazoezi bila kusikia neno la kumvunja moyo. Mwenye huruma na aanzie hapo. Na amnunulie baisikeli kabla ya kumpunguzia kilomita. Tatu, katika mbio ndefu mna nafasi ya mtu mwenye subira. Njia fupi ni ya wenye nguvu nyingi na vyombo vizuri. Kadiri njia irefukavyo, ndivyo uvumilivu na kujua kugawa nguvu huanza kuhesabiwa. Haya ni mambo yasiyouzwa dukani. Nani ajuaye ni mabinti wangapi wa milimani kwetu walio na kipawa cha saa ya pili, na hawajapata hata kuimaliza saa ya kwanza?

Sisemi kwamba Umoja wa Kimataifa wa Baisikeli haukufanya lolote. Ingekuwa dhuluma kusema hivyo. Tangu mwaka 2013 mabingwa wa kike na wa kiume wa mashindano ya dunia wamepewa zawadi sawa ya fedha. Wasichana wadogo nao walifunguliwa mbio zao za saa. Mwaka 2022 wanawake walio chini ya miaka 23 walianza kupewa ubingwa wao, ingawa ndani ya mbio za wakubwa, na mwaka 2025 huko Kigali walipewa mbio zao peke yao kwa mara ya kwanza. Uwanjani, tangu mwaka 2025, mbio za kukimbizana za mwanamke mmoja mmoja zimetoka kilomita tatu zikawa nne, sawa na wanaume. Na mbio za saa za uwanjani zimetoka mita 500 zikawa kilomita moja. Haya yote ni mema. Lakini kila jema lililotajwa hapa laongeza uzito wa swali langu. Ikiwa mwanamke amestahili kilomita zilezile juu ya mbao za uwanja, kwa nini asistahili juu ya lami?

Tena zawadi sawa kwa njia isiyo sawa ni zawadi yenye sumu ndani. Yampa mwenye kijicho maneno tayari: tazameni, hulipwa sawa kwa kazi ya nusu. Nimeyasikia maneno haya yakisemwa, na msemaji alidhani amewapata wanawake katika kosa. Wanawake hawakujipimia njia. Aliyeipima ni mwingine, akawafupishia kazi, kisha wakashutumiwa kwa ufupi wake. Usawa wa malipo usiolindwa na usawa wa njia utakuwa siku zote katika hatari ya kuondolewa na mtu ajidaiye kuwa mtetezi wa haki.

Nimeahidi kuitaja miaka iliyo tofauti. Wollongong nimekwisha kuitaja. Kabla yake ilikuwako Imola. Mwaka 2020 mashindano yalikuwa yafanyike Uswisi, lakini maradhi ya korona yalizuia, na Imola, Italia, wakapewa kazi hiyo majuma machache tu kabla ya siku yenyewe. Wanaume na wanawake walikwenda njia moja ya kilomita 31.7. Anna van der Breggen wa Uholanzi alishinda, na siku mbili baadaye akashinda na mbio za kundi pia. Haraka ile iliwapa wanawake kile ambacho utulivu wa miaka 26 haukuwapa. Kisha ikaja michezo ya Olimpiki ya Paris, mwezi Julai 2024. Wanaume na wanawake walikwenda kilomita 32.4 zilezile, siku ileile, na mvua ileile iliwanyeshea. Grace Brown wa Australia alitwaa dhahabu. Miezi miwili haikutimia, mwanamke huyuhuyu akaenda Zurich kwa mashindano ya dunia, akashinda tena. Na huko Zurich aliambiwa kwamba njia ya wanaume ni ndefu kuliko yake kwa zaidi ya kilomita 16. Kati ya Julai na Septemba mwili wa Grace Brown ulikuwa umepungukiwa na nini?

Hivyo miaka hiyo haikuwa ngazi iliyopandwa. Ilikuwa dirisha lililofunguliwa na kufungwa. Jambo likitendeka mara moja na kufaulu, kisha likaachwa, walioliacha hawawezi tena kusema haliwezekani. Wamebaki na neno moja tu, nalo ni kwamba hawataki.

Namalizia na Kigali, kwa kuwa huko jambo hili lilikuja nyumbani kwetu. Tarehe 21 Septemba 2025 mashindano ya dunia ya barabarani yalianza katika ardhi ya Afrika kwa mara ya kwanza. Mji una vilima, hewa ya zaidi ya mita 1,400 juu ya bahari ni nyepesi, na mwisho wa njia wapandaji walipambana na mawe ya Kimihurura. Marlen Reusser wa Uswisi, aliye tabibu kwa elimu yake, alishinda kwa dakika 43. Nyuma yake walikuwa van der Breggen, ambaye alikuwa ameacha mashindano kisha akarudi, na Demi Vollering. Reusser alikuwa amekuwa wa pili mwaka 2020 na wa pili tena mwaka 2021, wa tatu mwaka 2022. Mwaka 2023 alisimama kando ya njia katikati ya mbio, akashuka. Na mwaka 2024 maradhi yalimzuia asishindane. Mwanamke wa namna hiyo hakuhitaji kufupishiwa chochote.

Watu wa Kigali walijaa kando ya barabara tangu siku hiyo ya kwanza, nao wanasifiwa kwa haki. Wasichana wengi waliotazama walikuwa hawajapata kuona mwanamke akipita barabarani peke yake kwa mwendo ule, magari yakimfuata nyuma kama mtumishi amfuatavyo bwana wake. Walijifunza mengi. Lakini walijifunza pia, bila mtu kuwaeleza, kwamba njia ya dada ilikuwa kilomita 31 na ya kaka 40. Mtoto hujua kuhesabu. Somo la namna hiyo likifundishwa Ulaya twaweza kusema ni mambo ya Ulaya. Lilipofundishwa Kigali, lilifundishwa mbele yetu, katika sherehe yetu, nasi tukapiga makofi.

Katika juma lilelile mkutano mkuu wa Umoja ulikutana katika mji huohuo, na nchi za Afrika zina kura zao katika mkutano ule. Ombi langu kwa wajumbe wetu ni jepesi kusemwa. Njia iwe moja. Ikiwa mji hauna barabara ya kilomita 40, basi iwe 30 kwa wote. Ikiwa kuna mlima, wote waupande. Ikiwa siku ni fupi, ufupi wake ugawanywe sawa. Sitaki wanawake wapendelewe hata kwa mita moja, wala sitaki wanaume wapunguziwe heshima yao. Nataka saa iachwe ifanye kazi yake, nayo haitaweza kuifanya kwa haki mpaka wote wawili wapite mbele yake wakitoka mahali pamoja.

Tumezoea kuletewa vipimo vilivyotengenezwa kwa wengine, na mara nyingi tumevipokea kwa adabu, tukidhani kwamba mgeni hapaswi kusahihisha mizani ya mwenyeji. Kigali tulikuwa wenyeji. Mizani ilikuwa mikononi mwetu kwa muda wa juma moja, na hatukusema neno. Mashindano yatakaporudi Afrika, kwa maana naamini yatarudi, na tuwe tumekwisha kusema.